Mwavuli wa Bi Mwanamkasi

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, simu za wanawake wa Nguvumali zilikuwa zikilia karibu kwa pamoja. Mwanamke alikuwa akikuna nazi, au akimenya machungwa ya Muheza barazani, akafuta mkono kwenye kanga na kuiweka simu sikioni. Sauti iliyotoka humo ilikuwa nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka, yenye lafudhi ya milimani ambayo miaka yote ya Tanga haikuiondoa. "Hamjambo mama zangu. Leo tuzungumze juu ya miguu kuvimba." Au juu ya kitovu cha mtoto. Au juu ya homa. Aliyekosa kusikia aliuliza kisimani, "Sista kasemaje leo?"

Siku hizi Ijumaa inapita kimya. Kundi la simuni alimotuma sauti hiyo halijafutwa, lipo, kwa jina lile lile la Mama na Mwana, na picha ile ile ya mizani ya kupimia watoto. Hakuna aliyejitoa na hakuna anayesema. Anayelifungua anakuta, mwisho kabisa, safu ya miavuli na moyo mmoja mwekundu.

Mwenye sauti hiyo ni Anastazia, aliyekuwa muuguzi na mkunga wa kituo cha afya cha mtaa. Alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai, chini kidogo ya msitu wa Amani. Baba yake, Mathew, alichuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi visivyotakata hata kwa limau. Nyumba za kambini zilishikana migongo, ukuta mmoja wa mbao baina ya familia mbili, hata jirani akipiga chafya usiku ulimwambia "afya" bila kuinuka kitandani. Siri haikuwa na mahali pa kulala. Aliyekosewa alimtaja mkosaji kwa jina, ukuta ukasikia, kukawa na kelele, na Jumapili wote walikuwa kanisani wakigawana kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo Anastazia alikua akijua jambo moja bila kufundishwa: ukitaka kumhifadhi mtu, usimtaje jina.

Chuo cha uuguzi kilimwambia hivyo hivyo. Mwalimu wa miiko ya kazi alikuwa akipiga ubao kwa rula: jina la mgonjwa halitoki nje ya chumba. Anastazia aliandika, akaapa, akapewa leseni. Katika miaka yake yote Nguvumali jina la mgonjwa halikutoka mdomoni mwake, hata kwa mumewe alipokuwa hai, hata alipoulizwa kwa ujanja.

Wanawake wa pwani walimpenda kwa hilo. Walimwita Sista, wakamletea mabungo na samaki, wakamtania kwa lafudhi yake.

"Sista, sema tena 'samli'."

"Samli."

"Bado ya milimani. Tuongezee chumvi kidogo."

Alicheka nao. Alidhani amekwisha kuwajua.

Miongoni mwa waliokuja kliniki alikuwepo Mastura, mke mchanga wa Luqmani fundi baiskeli. Mastura hakuja peke yake hata mara moja. Aliletwa na mama mkwe wake, Bi Mwanamkasi, mwanamke mrefu, mkavu, aliyetembea na mwavuli mweusi wa kiume, akimfunika nao mkwewe toka mlangoni kwao hadi kwenye benchi la kliniki. Jua liwepo lisiwepo, mwavuli ulifunguliwa. Yeye mwenyewe alibaki nje ya kivuli.

"Bi Mwanamkasi," alimpigia kelele Tausi, muuza vitumbua, ambaye mimba yake ya tano haikumpunguzia maneno, "huyo mkweo ni sukari, akipigwa na jua atayeyuka?"

"Wako mwache ayeyuke," alijibu Bi Mwanamkasi. "Wangu namtaka mzima."

Benchi zima likacheka, na Mastura akainamisha uso kwa haya na furaha.

Kwenye kadi iliandikwa mimba ya kwanza, maana ndivyo Mastura alivyosema, mama mkwe akiwa pembeni. Lakini Anastazia alikuwa na mazoea ya kumtoa nje kila anayemsindikiza mgonjwa, awe mume, awe mama, awe nani, ili abaki na mwanamke peke yake walau kwa muda wa kupima tumbo. Tumbo lile aliliona kwa macho ya kazi, akaona michirizi ya zamani. Akauliza polepole, mikono ikiendelea na kazi yake, "Mastura, hii ni ya kwanza kweli?"

Mastura akageuzia uso ukutani. Kulikuwa na picha ya mboga na matunda pale, akaisemesha ile picha. "Kulikuwa na mwingine. Kwetu Mwera, Pangani, kabla sijaolewa. Hakulia."

"Na wewe? Ulipona vizuri?"

"Damu zilitoka mpaka nikaona giza. Shangazi alinifunga kanga. Sista, huku hawajui. Luqmani hajui. Ukisema, mimi sina nyumba."

"Sisemi," alisema Anastazia. "Lakini nyumbani huzalii, na hapa kwangu huzalii. Utakwenda hospitali kubwa, mapema, kabla uchungu haujaanza. Mwanamke aliyewahi kutoka damu namna hiyo anaweza kutoka tena."

Alipofungua mlango alimwambia Bi Mwanamkasi kwamba kwa maoni yake ya kazi mkwewe akajifungulie hospitali kubwa, ndiko salama zaidi. Alijiandaa kuulizwa sababu, maana mama wakwe huuliza. Bi Mwanamkasi alimtazama, akautazama mlango wa chumba, akafungua mwavuli.

"Haya. Ukisema hospitali, ni hospitali."

Hakuuliza neno. Anastazia alimsifu moyoni kwa usikivu wake, basi.

Ijumaa iliyofuata alikaa kitandani kwake na simu mkononi, akifikiri la kusema. Mastura alikuwa bado moyoni. Ni wangapi, alijiuliza, wanaosema ya kwanza na si ya kwanza? Ni wangapi watakaolala kwenye mikeka yao damu ikienda, na muuguzi hajui kwa nini? Akabonyeza, akasema.

"Hamjambo mama zangu. Leo nawaomba jambo moja. Muuguzi msimfiche. Juzi nimempata mama mmoja, simtaji, aliyesema hii ni mimba yake ya kwanza. Kumbe alikwisha kuzaa kabla, na alitoka damu nyingi karibu afe. Angenificha, angekuja kufa mikononi mwangu. Na mtu ana familia inayompenda, mama mkwe anamshikia mwavuli njia nzima! Mama zangu, ukiona aibu kusema mbele ya watu, niambie nitawatoa nje, tubaki wawili."

Yalikuwa maneno ya kweli na ya faida, kila neno. Aliyasikiliza mara moja kabla ya kuyatuma, na kwenye mwavuli akatabasamu. Aliuweka pale kwa mapenzi, kama mtu anavyoweka ua juu ya meza.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Tausi. Hakuandika neno. Alituma picha ndogo ya mwavuli. Akafuata mwingine na mwavuli wake, na mwingine, na wengine ambao kwa kawaida walisikiliza tu bila kujibu. Miavuli ikajaa kioo cha simu. Anastazia alidhani wanamshukuru kwa namna yao. Akawajibu kwa picha ya moyo mwekundu, akaenda kuoga.

Jumatatu Mastura hakuja. Ilikuwa siku yake ya kliniki, na benchi lilikuwa na watu kama kawaida, ila lilikuwa na kimya cha watu wanaosubiri kuona. Castory, mtaalamu wa maabara, Mbondei wa Muheza aliyekuwa hodari wa mzaha, alimfuata kwenye sinki alipokuwa akinawa mikono. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Sista, ile sauti ya Ijumaa, ifute."

"Niifute kwa nini?"

"Ingawa kuifuta sasa ni kufunga zizi wamekwisha kutoka ng'ombe. Imefika sokoni. Imefika kijiweni kwa Luqmani. Wanamuuliza mkewe anaogopa mvua gani."

"Mimi sikumtaja jina mtu."

"Jina?" Castory alimtazama kama anayemtazama mgeni. "Sista, umekaa hapa miaka yote hii. Watu wa hapa wanataja jina la mtu lini? Mtu anayetaka kumsema mwenzake anaacha jina, anachukua alama. Wewe uliposema 'simtaji', kila mwanamke aliacha kukuna nazi akakaa vizuri. Wamelelewa na mafumbo hawa. Umewatupia fumbo, wamelifumbua. Wanadhani hata ulikusudia."

Maji yaliendelea kumwagika mikononi mwake. Pengine yalikuwa ya baridi. Alikuwa akiyaona tu.

"Wanadhani nilimpiga kijembe?"

"Wanasema, Sista naye kumbe mwenzetu."

Alifunga bomba. Alimaliza foleni ya siku hiyo, akapima matumbo, akauliza maswali yaliyoandikwa, na kila alipofunga mlango na kusema "haya, tumebaki wawili," mwanamke aliyekuwa juu ya kitanda alijibu, "Mimi sina neno, Sista. Ni ya kwanza." Mmoja wao alikuwa Tausi, mwenye watoto wanne. Alisema hivyo hivyo, akicheka, kisha akaacha kucheka.

Jioni alikwenda kwa Bi Mwanamkasi. Mwavuli ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba. Salamu haikatazwi."

"Nimekuja kumwona Mastura."

"Mastura hayupo. Kaenda kwao Mwera."

"Mama yangu, hatakiwi kuwa mbali na hospitali. Siku zake zimekaribia."

"Kwa nini hatakiwi? Sema. Ngoja kwanza nilete simu, na watu wasikie."

Anastazia alibaki amesimama, maana hakukaribishwa kukaa. "Sikumtaja jina. Mungu ananiona."

"Heri ungemtaja jina. Mastura wako tele Nguvumali hii. Mwavuli huu uko mmoja."

Alisema bila hasira, na Anastazia aliona kwamba angependelea hasira. Bi Mwanamkasi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, macho yakiwa kwenye mchele.

"Na lile la Mwera nililijua," akasema.

"Ulilijua?"

"Nililijua kabla posa haijajibiwa. Pangani na Tanga ni pua na mdomo, nani atakosa kujua? Nikasema, binti kapata mtihani, na mtihani haumfanyi mtu takataka. Nikanyamaza. Yeye akidhani ananificha, nami nikamwacha adhani, kwa sababu ndivyo alivyopata usingizi. Wewe uliponiambia hospitali, niliuliza?"

"Hukuuliza."

"Sikuuliza." Akatupa punje mbovu nje. "Jambo nikilijua peke yangu naweza kulinyamazia hadi kaburini. Wakijua watu kwamba nalijua, nitanyamaza kwa uso gani? Mashemeji zangu wamekuja jana, wote. Mwanangu halali. Nimemfungasha mkwe wangu mwenyewe, kwa mikono hii, nikamwambia nenda kapumzike. Yeye hakulia. Kaniuliza tu, mama, mwavuli nichukue? Nikamwambia uache."

"Nisamehe."

"Mimi nikusamehe ili iweje? Kaniletee kimya changu."

Alirudi kwa miguu. Baiskeli zilimpita na kengele zao. Alitaka kulia, akasubiri, hakikutoka kitu, akanunua mkate. Nyumbani aliuweka mezani na kuutazama kama kitu alichoombwa akitunze.

Mastura hakupokea simu. Hilo Anastazia alilitarajia. Ila damu haisubiri watu wapatane. Kwenye zahanati ya upande ule wa Mwera alikuwepo Consolata, aliyesoma naye chuo kimoja, mwanamke mfupi wa Kikatoliki aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge. Anastazia alishika simu muda mrefu. Ilimbidi aseme tena maneno yale yale aliyoyasema Ijumaa, na mdomo ulikuwa hautaki kufunguka.

"Consolata, kuna mama yuko kijijini kwako."

"Unaniambia kama nani?" aliuliza Consolata. Sauti ile ilikuwa imefika Mwera pia.

"Kama muuguzi anayemkabidhi mwenzake mgonjwa."

"Kama ni hivyo, sema."

Safari hii alitaja jina, Mastura binti Uweso, na nyumba ya shangazi, na mtoto ambaye hakulia, na damu. Hakuutaja mwavuli. Consolata hakumkatiza. Alipomaliza, Consolata alisema, "Nimepokea. Huku haitavuka kwangu. Hata dereva hatajua anasubiriwa nani."

Asubuhi yake Anastazia alikwenda mwenyewe ofisini kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akaweka simu mezani na kumwomba aisikilize ile sauti. Mganga aliisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Alisema itabidi aandike kwa baraza linalosimamia wauguzi. Anastazia akasema anajua.

Mastura alikataa kwenda hospitali. Alimwambia Consolata uso kwa uso kwamba hatapanda tena kitanda cha nesi yeyote. Consolata hakubishana. Akawa anapita kila siku nyumbani kwa yule shangazi, aliyepika vitumbua vya kuuza, kununua vitumbua, mpaka watoto wanaoletwa zahanati wakachoka kuvila, na kila alipopita alitazama mlango wa ndani. Ndiyo maana siku uchungu ulipokuja, mchana, watu wakiwa shambani, shangazi alipoona damu hakuhitaji kutafuta msaada mbali, Consolata alikuwa barazani. Dawa ya kuzuia damu ilikuwa ndani ya mkoba wa Consolata. Gari lilikuwa na mafuta. Hospitali walipambana mpaka ikabidi kizazi kiondolewe. Mama akapona na mtoto akapona, wa kike, wakamwita Najat.

Anastazia alipewa habari hizo kwa simu akiwa anakunja mashuka. Akasema ahsante. Akaendelea kukunja, pembe kwa pembe, mpaka rundo likaisha, ndipo akagundua kwamba alikuwa amekunja pamoja na yale machafu.

Luqmani alikwenda Mwera kumwona mtoto. Alikaa, akanywa chai, akampakata mwanawe, akarudi peke yake. Talaka ilifuata. Watu walisema mama yake alimkataza na hakusikia. Wengine walisema mashemeji walimshinda. Bi Mwanamkasi hakusema lolote, na siku za jua kali alionekana akitembea bila mwavuli.

Kikao cha baraza kilikuwa na watu watano nyuma ya meza ndefu. Waliicheza ile sauti kwenye spika ndogo. Ilikuwa mara ya kwanza Anastazia kuisikia sauti yake mbele ya watu wengi, na alipofika kwenye "simtaji" alitamani mwanamke yule kwenye spika akohoe, asahau anachosema, umeme ukatike.

"Ulipata ridhaa ya mgonjwa?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana."

"Ulitaja jina lake?"

"Hapana. Nilitaja mwavuli."

Mwenyekiti akatazama karatasi zake akitafuta mwavuli ni nini. Lakini mjumbe mmoja, mama wa makamo aliyejifunga ushungi, akafumba macho kidogo. Ndiye aliyeuliza swali lililofuata.

"Mwenzangu, maneno haya ungeyasema ana kwa ana? Wanawake wale wote wakiwa wamekaa mbele yako?"

Anastazia alifikiri. Alitaka kujibu kweli, si kujitetea. "Ningeanza kuyasema," akasema. "Ila ningeona macho yao yanavyotafutana. Ningenyamaza katikati. Chumbani kwangu nilikuwa naangalia ukuta."

Hakuna aliyeandika jibu hilo mara moja. Kisha wote wakaandika.

Leseni ilisimamishwa kwa mwaka mzima, pamoja na agizo la kurudia masomo ya miiko ya kazi. Hakukata rufaa. Aliwaambia tu, alipoulizwa kama ana la kuongeza, kwamba ujumbe ule ulikuwa na faida na wanawake wa Nguvumali bado wanauhitaji, na kwamba sasa hawawezi kuusikia kutoka kwa mtu yeyote. Alilisema hilo kwa sauti yake ile nzito, isiyo na haraka. Ndilo lililomkalia zaidi ya adhabu: vile vyumba vyote vya kliniki, milango imefungwa, wamebaki wawili, na mwanamke anageukia ukuta na kusema ni ya kwanza.

Kabla ya kuondoka Tanga alifungua lile kundi. Alitaka kuandika samahani, akakumbuka kwamba samahani nayo ingemtaja Mastura. Akaizima simu.

Anastazia sasa yuko Amani, kwa dada yake Lea. Leseni yake ilirudishwa wakati wa mvua za vuli. Anachanja watoto kwenye zahanati ndogo kando ya barabara ya msituni, na anapokwenda kazini simu anaiacha nyumbani.